Cheti Kimo Kwenye Faili, Kazi Je?

Hotuba kwa wakuu wa idara, wasimamizi wa kaunti ndogo na wadi, na maafisa wa rasilimali watu

 

Faili ya mtumishi wa umma aliyekaa kazini miaka 10 huwa nene upande wa vyeti. Kuna cha huduma kwa wateja, kuna cha uadilifu, kuna cha utunzaji wa kumbukumbu, na kuna kile cha siku 2 ambacho hata mwenyewe hakumbuki kilihusu nini. Mkaguzi akija, faili hiyo inapendeza. Lakini mwananchi aliyesimama dirishani akisubiri leseni ya duka lake haioni faili. Anamwona karani. Anachotaka kujua ni kama karani huyo, baada ya kulipiwa nauli, malazi na posho kwa pesa za mlipa ushuru, anaifanya kazi tofauti na alivyoifanya kabla ya kwenda.

Hilo ndilo swali la leo. Mfanyakazi akifundishwa, mwajiri anajuaje kwamba amejifunza? Na anamsaidiaje kukitumia alichojifunza, kabla hakijasahaulika?

Kwa upande wa sheria, hakuna upungufu mkubwa. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010, kinapoorodhesha maadili ya utumishi wa umma, kinataka rasilimali zitumiwe kwa ufanisi na bila ubadhirifu. Kifungu hicho hicho kinataja nafasi sawa za kuajiriwa, kupata mafunzo na kupandishwa cheo, kwa wanaume na wanawake, kwa watu wa makabila yote na kwa watu wenye ulemavu. Maadili hayo yanazihusu ngazi zote mbili za serikali. Mwongozo wa rasilimali watu uliotolewa na Tume ya Utumishi wa Umma mwaka wa 2016 unasema kila mtumishi anastahili angalau siku 5 za mafunzo katika mwaka wa fedha, na kwamba mwajiriwa mpya aelekezwe kazi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Pa kufundishiwa pia papo: Kenya School of Government ina kampasi kuu Lower Kabete na nyingine Mombasa, Matuga, Embu na Baringo.

Shida ni kwamba siku ni rahisi kuhesabu. Idara inaweza kuandika kwenye ripoti ya mwaka kwamba watumishi wake wote walipata siku zao 5, na maneno hayo yakawa ya kweli kabisa, huku foleni ya dirishani ikibaki urefu uleule.

Kila mmoja aliyeko hapa anaijua Jumatatu ya baada ya semina. Mtumishi anarudi na mkoba, kalamu na daftari lenye nembo. Mezani pake kazi ya wiki nzima imerundikana, kwa sababu hakuna aliyemshikia nafasi. Mkuu wake anampita kwenye korido na kumuuliza, "Safari ilikuwaje?" Hamuulizi amejifunza nini, wala hamuulizi angependa kubadilisha nini. Kufikia Ijumaa mtumishi amerudia njia yake ya zamani, si kwa ukaidi, bali kwa sababu ndiyo anayoiweza kwa haraka na ndiyo wenzake wanayoielewa. Makaratasi ya semina yanaingia kwenye droo. Pesa zilishatumika.

Jambo hili si la Kenya peke yake wala si la leo. Mwaka wa 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alianza kuchapisha mfululizo wa makala uliogawa tathmini ya mafunzo katika ngazi 4, na mgawanyo huo unatumika hadi sasa duniani kote. Ngazi ya kwanza inauliza waliohudhuria waliyaonaje mafunzo. Ya pili inauliza walijifunza nini. Ya tatu inauliza kama mwenendo wao kazini ulibadilika, na ya nne inauliza taasisi ilipata matokeo gani kutokana na mabadiliko hayo.

Ile fomu inayogawiwa dakika 10 kabla ya kufunga semina, inayouliza kuhusu mkufunzi, ukumbi na chakula, ni ngazi ya kwanza. Si mbaya, maana mtu aliyechoshwa na mkufunzi hajifunzi. Lakini idara nyingi huishia hapo. Chakula kikipata alama za juu, anayestahili pongezi ni mpishi wa hoteli. Ofisi ya leseni bado haijasema lolote.

Mfano mzuri zaidi wa ngazi ya tatu uko hapa nyumbani, katika hospitali za Kenya, na unafaa kuelezwa kwa kirefu.

Kabla ya ugatuzi, watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust walichagua hospitali 8 za wilaya, kama zilivyoitwa wakati huo, wakazigawa kwa kura katika makundi mawili ya hospitali 4. Walichotaka kuboresha ni matibabu ya watoto wanaolazwa wakiwa wagonjwa sana: wenye nimonia, malaria kali, kuhara, na wachanga wenye maambukizi. Hospitali zote 8 zilipewa miongozo ya matibabu, fomu na vielelezo vya kusaidia kazi, na ripoti za maandishi kuhusu utendakazi wao. Zote zilipata mafunzo pia. Hakuna iliyoachwa mikono mitupu.

Tofauti ilikuwa katika kilichofuata. Kundi moja lilipata semina ya mihadhara ya siku moja na nusu, kisha likaachwa na ripoti zake. Kundi la pili lilipata kozi ya siku 5 na nusu ya dharura za watoto, iitwayo ETAT+, ambayo mwanafunzi hufanya mazoezi kwa mikono yake badala ya kukaa akisikiliza tu. Juu ya hayo, kila hospitali ya kundi hilo ilikuwa na mwezeshaji wa papo hapo, mhudumu wa afya aliyewakumbusha na kuwasaidia wenzake siku baada ya siku. Wasimamizi kutoka nje walirudi kuwatembelea. Na matokeo ya ukaguzi hayakutumwa kwa barua pekee: yalijadiliwa ana kwa ana na watu waliofanya kazi ile. Yote hayo yaliendelea kwa miezi 18, hali ikipimwa kila baada ya miezi 6.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011 katika jarida la PLoS Medicine. Kwa malaria kali, dawa iliyotumika wakati huo ilikuwa kwinini, na mtoto alitakiwa kuanzishiwa dozi kubwa zaidi ya zile zinazofuata. Katika hospitali zilizofuatiliwa kwa karibu, asilimia 91.9 ya watoto walipata dozi hiyo ya kuanzia. Katika zile nyingine ilikuwa asilimia 66.7. Kwa watoto waliokuwa wameishiwa na maji mwilini kwa kiwango cha hatari, asilimia 67.2 waliandikiwa maji ya mshipa kwa kiasi kinachofaa, dhidi ya asilimia 40.6. Na kwinini ya kupita kiasi, ambayo ni hatari, iliandikwa kwa asilimia 1.0 ya watoto upande mmoja na asilimia 7.5 upande wa pili.

Nambari hizo zisomwe polepole. Nchi ni moja, na miongozo na fomu ni zile zile. Wahudumu wa pande zote mbili wangeweza kuonyesha kwamba wamefundishwa. Hata hivyo, kati ya kila watoto 100 walioletwa na kuhara kukali, karibu 27 zaidi waliandikiwa maji sawasawa katika hospitali ambazo mafunzo yalifuatiliwa. Kuna mzazi anayerudi nyumbani na mtoto kwa ajili ya tofauti ya namna hiyo.

Utafiti huo usibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Hospitali 8 ni chache. Vilevile, mambo mengi yalitolewa kwa pamoja, kwa hivyo hauwezi kutenganisha ni kozi ndefu, ni mwezeshaji, au ni mazungumzo ya ana kwa ana yaliyoleta mabadiliko. Na hata upande uliofanya vizuri, mtoto mmoja kati ya watatu wenye kuhara kukali bado hakuandikiwa kiasi kinachofaa. Lakini kuna jambo moja ambalo kila mkuu wa idara anapaswa kulibeba. Katika hospitali hizo wafanyakazi walihama kwa kasi, kama wanavyohama kila mahali, na bado mabadiliko yalidumu katika miezi hiyo 18. Maana yake ni kwamba ujuzi ulikuwa umeingia katika mahali pa kazi penyewe: katika fomu inayojazwa, katika mazoea ya zamu, katika mwenzako anayekusahihisha. Haukubaki kichwani mwa mtu mmoja aliyekwenda kozi na kuhamishwa baadaye.

Kuna atakayesema kwamba hiyo ni wodi ya watoto, na yeye anasimamia leseni za biashara. Basi zichukuliwe leseni.

Tuseme idara inataka kuwapeleka makarani 12 mafunzo ya huduma kwa wateja kwa sababu wafanyabiashara wanalalamika kucheleweshwa. Kabla mtu hajapanda gari, achukuliwe karani mmoja, asubuhi moja, na ukurasa mmoja wa daftari. Azitoe faili 30 za mwezi uliopita. Kwa kila faili aandike siku ya maombi, siku leseni ilipotoka, na mara ngapi mwombaji alirudishwa kwa kukosa karatasi ambayo hakuambiwa mapema. Hicho ndicho kipimo cha kabla, na bila hicho hakuna tathmini itakayowezekana baadaye, hata aletwe mtaalamu kutoka wapi. Miezi 3 baada ya mafunzo zitolewe faili nyingine 30 na kuhesabiwa vilevile.

Zoezi hilo lina faida ambayo wengi hawaitarajii. Huenda faili zile 30 zikaonyesha kwamba makarani hawana kosa. Huenda maombi yanafika mezani pa afisa mmoja mwenye mamlaka ya kutia sahihi, na afisa huyo yuko safarini siku 3 za kila wiki. Hapo kumfundisha karani kutabasamu ni kupaka rangi ukuta uliopasuka. Dawa ni kumteua afisa wa pili wa kutia sahihi, na dawa hiyo haigharimu shilingi. Mafunzo ni jibu la tatizo la kutojua. Tatizo likiwa ni mtandao kukatika, au mashine moja ya kutoza ada sokoni kutumiwa na watoza 4 kwa zamu, mtumishi atarudi kutoka kozi akijua zaidi na akiwa na uwezo uleule wa kutenda.

Kwa hiyo anayebeba mzigo mkubwa katika jambo hili ni msimamizi wa moja kwa moja wa mtumishi. Huyo ndiye anayeamua kama kilichojifunzwa kitaishi, kuliko hata mkufunzi. Anahitaji mazungumzo matatu tu. La kwanza ni kabla ya safari, la dakika 10: unakwenda kujifunza nini, na kitaingia wapi katika kazi yako? La pili ni katika wiki ya kurudi: ni jambo gani moja utakalolifanya tofauti, na unahitaji nini kutoka kwangu? La tatu ni baada ya miezi 3, wakiwa wawili mbele ya kazi yenyewe, wala si mbele ya fomu. Kama ni mwalimu wa chekechea, msimamizi akae nyuma ya darasa kwa kipindi kizima aone watoto wanavyofundishwa. Kama ni msomaji wa mita za maji, wafuatane mtaani. Kama ni zimamoto, bomba lifunguliwe na saa ishikwe mkononi.

Jumatatu ile ya kurudi nayo inaweza kurekebishwa kwa uamuzi mdogo: mtumishi apewe nusu saa katika mkutano wa wiki awaonyeshe wenzake kitu kimoja alichokileta. Aonyeshe, asisome slaidi. Anayejua kwamba atawafundisha wenzake husikiliza kwa masikio mengine kule semina.

Sasa kuna jambo gumu zaidi, nalo ni hofu. Katika ofisi nyingi neno tathmini likitajwa, watu hufunga milango. Wamezoea kwamba mtu akija kupima kazi yao, anatafuta wa kuhamishwa au wa kuandikiwa barua. Matokeo yake ni kwamba kila fomu ya tathmini ya utendakazi hurudi na alama za juu, msimamizi hutia sahihi ili asigombane na mtu, na hakuna kinachojulikana. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Karani asiyejua kuutumia mfumo mpya wa malipo, na anayeogopa kusema kwamba haujui, atatafuta njia ya pembeni, na makosa yake yatajulikana siku ya ukaguzi wa hesabu, wakati yamekuwa makubwa.

Njia ya kupunguza hofu hiyo inajulikana. Kipimo cha kujifunza kiwekwe mbali na kipimo cha nidhamu. Mazungumzo ya miezi 3 yasiingie kwenye faili ya adhabu. Matokeo ya zile faili 30 yasomwe kama matokeo ya ofisi nzima, bila majina, na mkuu wa ofisi awe wa kwanza kusema ni nini upande wake kilichochelewesha kazi. Ni vigumu kwa karani kukiri asichokijua mbele ya mkubwa ambaye hajawahi kukiri lolote. Wizi na utovu wa nidhamu vina taratibu zake, na taratibu hizo ziendelee kufanya kazi yake kando.

Kozi za kupandia cheo ni suala jingine, na hapa litapitiwa haraka. Kozi ya usimamizi ya wiki 4 au ile ya uongozi ya wiki 6 ina nafasi yake, na mtumishi ana haki ya kuitaka. Lakini idara isiihesabu kama suluhisho la foleni. Mtu amekwenda kujiandaa kwa kazi ijayo. Kazi ya leo inahitaji mpango wake.

Limebaki swali la nani huenda. Orodha za mafunzo zikipangwa mwaka baada ya mwaka, mara nyingi majina ni yale yale: walio karibu na ofisi kuu, wanaosikia habari mapema, wanaojua kuandika barua ya kuomba. Mlinzi, mfagiaji, dereva na karani wa masjala hubaki kushika kazi wengine wakiwa safarini. Kifungu cha 232 kinasema nafasi sawa katika ngazi zote, na ngazi zote ni pamoja na lango.

Hospitali zinafundisha jambo hapa pia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatambua watoto wenye dharura unapendekeza kwamba hata wasio wahudumu wa afya, kama walinzi wa lango, makarani wa usajili na wafagiaji, wafundishwe dalili za hatari. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: hao ndio wanaomwona mgonjwa kwanza. Mama anafika alfajiri na mtoto mgongoni, anakuta watu 40 kwenye benchi, anakaa mwisho wa foleni kwa sababu ya adabu. Daktari yuko ndani na mlango umefungwa. Anayeweza kuona kwamba mtoto yule amelegea na anapumua kwa shida ni mlinzi. Akiwa amefundishwa kwa saa chache, na akiwa ameambiwa waziwazi kwamba ana ruhusa ya kuivunja foleni, atamwita nesi. Asipofundishwa, atamwambia mama akae apange foleni, na atakuwa amefanya kazi yake kama alivyoelekezwa.

Kupima mafunzo ya mlinzi huyo ni rahisi kuliko kupima kozi nyingi za gharama. Zichukuliwe kadi za watoto waliopitishwa kama dharura, iangaliwe walifika saa ngapi na walionwa saa ngapi, kabla ya mafunzo na miezi 3 baadaye.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, na mipango ya mafunzo huandaliwa kabla ya hapo. Kila ombi la mafunzo linaweza kuja na ukurasa mmoja wenye mambo manne: tatizo gani la kazi linatatuliwa, kipimo chake cha kabla ni kipi, msimamizi gani atafanya yale mazungumzo matatu, na tarehe ya kupima tena. Ombi lisilo na ukurasa huo lirudishwe kwa idara kabla ya fedha za safari kuidhinishwa. Na walinzi na makarani wa masjala waandikwe kwenye orodha tangu rasimu ya kwanza, si kusubiri kama nafasi zitabaki.

 Maswali yanakaribishwa.